KALAMU YETU YA MPINGO NA DAFTARI LAKE

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanakisomo wa Kibiti. Tunayachapa hapa ili vikundi vingine navyo viyasome na kuyajadili.)



Leo tutazungumza juu ya kalamu. Si ile kalamu ya plastiki ya dukani, ambayo kila mmoja wetu anaijua. Tutazungumza juu ya kalamu ya mti, iliyokerezwa vizuri, yenye pambo la fundo katikati. Tutaeleza namna ya kuitengeneza na namna ya kuiuza. Tutaeleza pia makosa tuliyofanya sisi walimu pamoja na kikundi kimoja cha kisomo. Makosa hayo yalikaribia kukivunja kikundi. Hatuoni haya kuyasema, maana afadhali mtu ajifunze kwa kosa la mwenzake kuliko kungoja lake.

KALAMU SI NGENI KWETU

Watu wengine husema kwamba kutengeneza kalamu ni kazi ya viwanda vya mbali. Je, ni kweli? Tuwaulize wazee wetu waliosoma chuoni. Watatuambia kuwa katika pwani yetu walimu wa chuo walichonga kalamu kwa matete, wakachovya katika wino, wakaandika. Na matete tunayo, yamejaa kando ya mto Rufiji. Kwa hiyo kalamu ni kazi ya zamani ya mikono yetu.

Na pambo je? Hilo nalo tunalo. Mafundi wa Lamu na Zanzibar walitengeneza viti vya enzi, wakachimba mti na kutia ndani vipande vya rangi nyingine. Kazi hiyo huitwa njumu. Kutia njumu ni kupachika kipande cha kitu kimoja ndani ya kitu kingine, halafu kusawazisha mpaka mkono usihisi mahali vilipokutana.

Tena hapa kwetu Rufiji akina mama husuka ukili. Huchukua ukindu, hutia rangi, husuka, halafu hushona ukili mmoja na mwingine mpaka unakuwa mkeka. Tazameni mkeka wa Rufiji. Mstari mmoja unapita juu, mwingine unapita chini. Basi fundo la kwenye kalamu linafanana na msuko huo. Mama anayejua kusuka ukili akiliona pambo hili atalielewa upesi kuliko seremala.

MTI TUNAOUTUMIA

Mti mzuri kwa kazi hii ni mpingo. Ndio mti wa taifa letu. Ni mzito hata ukiutia majini unazama. Moyo wake ni mweusi, na ukisuguliwa unang'aa wenyewe. Watu wa Ulaya wanautumia kutengeneza ala za muziki za kupuliza kama klarineti.

Lakini mpingo hukua polepole sana. Mti wa kufaa kwa mbao huchukua miaka 70 na zaidi. Mtoto akiupanda leo, huenda mjukuu wake ndiye atakayeukata. Kwa hiyo, ndugu zangu, hatuwaambii mwende mkakate mpingo ili mfanye kalamu. Tunasema hivi: kalamu moja inahitaji kipande chenye urefu wa sentimita 15 na unene wa sentimita 2 tu. Vipande vya namna hiyo hubaki kwa wachonga vinyago na kwa wapasua mbao. Mara nyingi huishia jikoni kama kuni. Hivyo ndivyo tunavyovitaka.

Kwa ajili ya fundo tunahitaji mti wa rangi nyeupe au ya manjano. Hapa mashambani kwetu ipo michungwa na milimau. Tawi la mchungwa uliokufa hutoa mti mgumu, laini, wenye rangi ya manjano hafifu. Hata mpingo wenyewe una sehemu nyeupe karibu na gome. Msitumie pembe ya ndovu hata kidogo. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989, na anayekamatwa nayo hufungwa.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Haya, sasa tufuate kazi hatua kwa hatua.

1. Kausha mti. Paka nta kwenye ncha mbili za kipande, kisha kiweke kivulini, mahali panapopita hewa. Mpingo hukauka polepole. Ukiuweka juani utapasuka. Kipande kidogo nacho huhitaji miezi kadhaa.

2. Ranga kipande kiwe na pande nne zilizo sawa. Piga mstari katikati, uuzungushe pande zote nne.

3. Kata kwa mshazari. Weka kipande katika kisanduku cha kukatia pembe, ili msumeno usiyumbe. Kata upande wa kwanza kwa mshazari, ukipita katikati pale penye mstari. Usikate mpaka mwisho. Bakiza milimita 2 au 3, ili kipande kisiachane.

4. Tia njumu. Chukua ubao mwembamba wa mchungwa, wenye unene sawasawa na njia ya msumeno. Ukiwa mwembamba mno utaacha ufa. Ukiwa mnene mno utasukuma gundi yote nje. Mpingo una mafuta, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Tumia gundi ile ya vichupa viwili inayochanganywa. Bana kwa jiliwa, ulaze mpaka kesho.

5. Siku ya pili, kata ncha za mchungwa zilizotokeza. Geuza kipande, fanya vilevile upande wa pili. Siku ya tatu upande wa tatu. Siku ya nne upande wa nne. Mshazari uwe uleule, na mahali pawe palepale. Ukikosea kwa unene wa ukucha tu, fundo litapinda.

6. Toboa kwa keekee, kutoka nyuma kuelekea mbele. Tundu liwe pana kidogo tu kuliko mrija wa wino wa kalamu ya dukani. Karibu na ncha ya mbele, toboa tundu dogo zaidi, ili ncha ya kuandikia itokeze lakini mrija usitoke. Nyuma weka kizibo cha mti kinachofunguka, ili wino ukiisha mwenye kalamu abadilishe mrija.

7. Kereza. Yaani, funga kipande kwenye kerezo, kizunguke, na patasi ikate mpaka kiwe cha mviringo. Hapo ndipo fundo linapojitokeza. Kwa kweli hakuna uzi uliopita juu wala chini. Ni mapete manne yaliyokatana. Lakini jicho linaona fundo, na kila anayeliona huuliza, "Mmelifungaje?"

8. Sugua kwa msasa, kuanzia ule mkwaruzo hadi ule laini. Malizia kwa nta ya nyuki na kitambaa safi.

Jambo moja la afya. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na huingia kifuani. Anayekereza na kusugua afunge kitambaa puani na mdomoni, na watoto wasikae karibu.

KOSA LETU

Sasa tuje kwenye ile habari tuliyoahidi.

Kikundi chetu kilikuwa na watu wa kutosha. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, mwenye kerezo lake. Kulikuwa na vijana wawili wenye nguvu. Kulikuwa na akina mama wa ukili, ambao walisuka vifuko vidogo vya kutilia kalamu. Na tulikuwapo sisi walimu. Wote tulikuwa na furaha. Tulikata vipande 20.

Mti wetu ulikuwa mbichi. Mzee alisema, "Walimu, mti huu bado." Sisi tukasema siku za maonyesho zinakaribia, tuendelee tu. Haraka haraka haina baraka. Kalamu sita zilipasuka, mbili zikapasukia mkononi mwa mzee wakati anazisugua. Zikabaki 14.

Akapita mchuuzi mmoja kutoka mjini. Akazisifu sana. Akatoa shilingi 6,000 kwa kila moja, akazichukua zote. Tukapata shilingi 84,000 papo hapo. Tulipiga makofi. Mzee, ambaye alikuwa mweka hazina, akazifunga fedha katika kitambaa.

Baada ya wiki mbili tulikutana ili tugawane faida. Mzee alifungua kitambaa. Ndani zilikuwamo shilingi 9,000. Watu walinyamaza. Halafu kijana mmoja akasema, "Mzee, nyingine ziko wapi?" Mzee akajibu kuwa amelipa gundi, amelipa mti, amelipa nauli, amelipa na wengineo. Akaulizwa, shilingi ngapi kwa nani? Hakukumbuka zote. Alianza kuhesabu kwa vidole, akachanganyikiwa. Kijana wa pili akainuka, akasema hatarudi tena. Mzee akachukua kofia yake. Alikuwa amekosewa heshima mbele ya watoto wake, na sisi tulikaa kimya tukitazama chini.

Ndipo bibi mmoja mwanakisomo akasema, "Ngojeni jamani. Mimi niliandika."

Bibi huyu alikuwa amejua kusoma na kuandika mwaka mmoja tu kabla. Kila jioni alikuwa akijizoeza kuandika katika daftari la mjukuu wake. Alipokosa la kuandika, aliandika yale aliyoyasikia mchana pale kikundini. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MTI 30,000. GUNDI 16,000. MIRIJA 6,000. MSASA NA NTA 9,000. KUKODI KEEKEE 10,000. NAULI 14,000.

Tulijumlisha ubaoni, mbele ya wote. Jumla ilikuwa shilingi 85,000. Fedha iliyoingia ilikuwa 84,000. Basi tulikuwa tumepata hasara ya shilingi 1,000, na zile 9,000 zilizokuwa katika kitambaa zilikuwa deni la msasa na nta ambalo mzee alikuwa hajalilipa. Ile elfu moja iliyozidi aliitoa mfukoni mwake, akanyamaza.

Mzee hakula hata senti moja. Kijana yule alipiga goti mbele ya mzee, akaomba radhi. Mzee akaipokea. Lakini tuseme ukweli: kosa halikuwa la kijana, wala la mzee. Kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tuliwafundisha watu kuandika, tukawapa kazi ya kutengeneza kalamu, na katika siku zote zile hatukufungua daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA PILI

Safari ya pili tulinunua mti uliokauka. Tulianza na vipande 20 tena. Vikaharibika viwili. Tukapata kalamu 18. Gharama za vifaa zilikuwa zilezile, shilingi 85,000. Lakini safari hii tuliandika pia kitu tulichokisahau mwanzo, nacho ni jasho letu.

Watu watatu walifanya kazi kwa siku 6. Kila mmoja tulimhesabia shilingi 5,000 kwa siku.

Vifaa: shilingi 85,000
Kazi (watu 3 mara siku 6 mara 5,000): shilingi 90,000
Jumla ya gharama: shilingi 175,000

Tukagawa 175,000 kwa kalamu 18. Kila kalamu ilitugharimu karibu shilingi 9,700. Kumbe yule mchuuzi aliyetupa 6,000 alikuwa akichukua kalamu zetu pamoja na nguvu zetu bure! Wala hakutuibia. Tulimtajia bei bila kuijua gharama. Mtu asiyejua gharama yake hawezi kubishana juu ya bei.

Tukapanga bei ya shilingi 15,000. Kalamu 18 zikaleta shilingi 270,000. Tukitoa gharama 175,000, faida ni shilingi 95,000. Sehemu ya faida walipewa akina mama waliosuka vifuko. Iliyobaki iliwekwa kwa ajili ya kununua mti mwingine na kuukausha mapema.

Bei hizi ni za kikundi chetu, zilizo katika daftari letu. Bei za kwenu zitakuwa nyingine. Namna ya kuhesabu ndiyo ileile.

TUUZE WAPI?

Msidhani tuliziuza zote siku moja. Ilichukua miezi mitatu. Tulijaribu stendi ya mabasi, hatukuuza hata moja. Msafiri mwenye haraka anataka korosho na maji ya kunywa, hataki kalamu ya shilingi 15,000. Tulijifunza kwamba kalamu ya namna hii ni zawadi. Basi tukawatafuta watu wanaotoa zawadi. Walimu wanaomuaga mwenzao anayestaafu. Wazazi ambao mtoto wao amemaliza chuo. Ofisi zinazopokea mgeni. Tulipoanza kuandika jina la mtu kwenye kalamu, tulipata wanunuzi zaidi.

Wapo pia wageni. Kutoka Nyamisati, katika wilaya yetu ya Kibiti, watu hupanda chombo kwenda Mafia. Wengine hupita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Zamani magari yaliyokwenda kusini yalingoja pantoni pale Ndundu, lakini tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya Lindi na Mtwara inapitika. Dar es Salaam kuna soko la vinyago la Mwenge, na maonyesho ya Sabasaba kila mwaka. Ushauri juu ya biashara ndogo hutolewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Lakini popote mtakapokwenda, jaribuni kwanza kila kalamu kwenye karatasi. Mnunuzi hulipenda fundo siku ya kwanza. Siku ya pili anataka kuandika. Kalamu isiyoandika ni kijiti tu, hata iwe na pambo la kifalme.

SHERIA YA MISITU

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao ya msitu yavunwe kwa kibali. Kwa hiyo mkinunua vipande vya mpingo, dai risiti. Risiti hiyo mwibandike katika daftari. Afisa akiuliza mti umetoka wapi, mtamwonyesha. Kabla ya kuanza, ulizeni katika ofisi ya misitu ya wilaya karatasi gani zinahitajika kusafirisha mti na kalamu. Na anayefikiria kuuza nchi za nje ajue kwamba tangu mwaka 2017 mpingo umo katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya mataifa inachungwa.

Na miti ya mikoko kule delta je? Hiyo ni ukuta wa vijiji vyetu na mazalio ya kamba na samaki. Tuiache isimame. Kalamu haina haja nayo.

Tujifunze kwa majirani zetu wa Kilwa. Huko viko vijiji vilivyotenga misitu yao kisheria, vikaitunza kwa msaada wa shirika la MCDI. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora, na mpingo unaouzwa huleta fedha katika mfuko wa kijiji. Walifaulu kwa sababu walipima miti yao, wakaandika, wakajua ni mingapi ya kukata na ni mingapi ya kuacha.

MWISHO

Ndugu zangu, yule bibi wa daftari sasa ndiye katibu wa kikundi chetu. Mzee bado ni mweka hazina, wala hataki tena kupokea shilingi kabla bibi hajaiandika. Kalamu anayotumia bibi ni moja katika zile sita zilizopasuka. Mzee aliibana ufa kwa gundi, akampa. Haiuziki. Inaandika.

Basi kikundi kikitengeneza kalamu, ya kwanza kabisa isiuzwe. Ibaki kikundini, iandike hesabu ya zote zitakazofuata.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kalamu sita zilipasuka? Nani alijua mapema, na kwa nini hakusikilizwa?

2. Katika hesabu ya kwanza tulisahau kuandika kitu gani? Katika kazi yenu ya ukili, ya uvuvi au ya korosho, je, ninyi hukiandika?

3. Kikundi kina gharama ya shilingi 120,000 na kimepata kalamu 15. Kila kalamu imegharimu shilingi ngapi? Mngeiuza kwa bei gani?

4. Hapa kijijini kwenu ni mabaki gani ya mti yanayochomwa au kutupwa? Nani anaweza kuyatumia, na kwa kibali gani?

5. Chagueni mtu mmoja wa kuandika daftari la kikundi na mwingine wa kulikagua kila mwisho wa mwezi. Kwa nini wawe watu wawili?